Jibu: Nani aliyegharimia mapango ya Karle na Nashik?

Ndugu, umeuliza kama mapango ya Wabudha ya Karle na Nashik, magharibi mwa India, yaligharimiwa na wafalme peke yao. Hapana. Katika ukumbi mkuu wa Karle, nguzo kadhaa zimechongwa, kwa Kiprakriti (lugha ya kale ya India) na hati ya kale ya Brahmi, majina ya waliozitoa, wakiwemo Wayavana wa mji wa Dhenukakata; Wayavana ni jina ambalo awali Wahindi waliwaitia Wagiriki.

Hata mkono wa watawala wenyewe ulipitia kwa mafundi. Andiko la Ushavadata, mkwe wa mtawala Nahapana, katika pango la 10 la Nashik, linasomeka kama mkataba wa benki: aliweka sarafu 2,000 za kahapana kwa chama cha wafumaji cha mji wa Govardhana, kwa riba ya 1 kwa kila 100 kwa mwezi, kwa sharti kwamba mtaji usiguswe. Ukipiga hesabu, riba hiyo ni 240 kwa mwaka, na ndiyo iliyowapatia watawa 20 waliokaa pangoni msimu wa mvua kahapana 12 kila mmoja za mavazi. Nyingine 1,000 ziliwekwa kwa chama cha pili, kwa riba ya robo tatu kwa kila 100 kwa mwezi, na yote yakatangazwa kwenye baraza la mji na kuandikishwa.