Siku moja Mtwara: tazama mwezi kabla ya kukata tiketi

Maswali ya wasomaji. Safari hii tunawajibu wanaotaka kwenda Mtwara na Mikindani kutwa moja, kuona kazi za sanaa na kula vya huko.

*Shikamooni wahariri. Tuko walimu watano, tunatoka Lindi Jumamosi moja na kulala hatulali. Mtaa wa sanaa na migahawa Mtwara ni upi, na tuanzie wapi? — Mwalimu, Lindi*

Marahaba, mwalimu. Mtaa mmoja wa namna hiyo haupo. Mji wa Mtwara ulipimwa miaka ya 1940 pamoja na bandari ya mpango wa karanga wa Waingereza. Karanga zilishindikana, barabara pana zikabaki, na vitu viko mbalimbali: soko Chikongola, kanisa lenye michoro Majengo, samaki na bahari Shangani, mji wa kale Mikindani. Ukiunganisha kwa miguu utachoka kabla ya adhuhuri. Kodini bajaji mbili kwa nusu siku, na bei ikubaliwe kabla ya kupanda.

Lakini la kwanza kupanga ni tarehe. Chagueni Jumamosi iliyo karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, yaani karibu na tarehe 1 au 15 ya mwezi wa Kiislamu, au siku mbili tatu baadaye. Hapo ni bamvua. Maji hukupwa sana kwenye saa nne au saa tano asubuhi, wavuvi wa pweza huingia mwambani, na adhuhuri pweza wanafika sokoni wabichi. Kisha maji hujaa alasiri, kwenye saa kumi hivi, na ghuba ya Mikindani inakuwa imefurika hadi ukingoni. Mkija wakati wa maji mafu, yaani siku za nusu mwezi ambapo maji hayakupwi wala kujaa sana, mambo hugeuka: pweza adimu, na alasiri ghuba inawaonyesha matope.

Kutoka Lindi mtapita Mikindani kwanza, kilomita kama 10 kabla ya mjini. Msishuke. Asubuhi ni ya mjini, Mikindani ni ya kurudi. Ila ulizeni mapema gari la mwisho la kwenda Lindi linapita pale saa ngapi. Kama jibu halieleweki, kodini gari la kwenda na kurudi.

Saa tatu muwe Majengo, Kanisa Katoliki la Mtakatifu Paulo. Ukuta wa mbele na za ubavuni zimejaa picha za Biblia alizochora padri Mbenediktini kutoka Ujerumani, Polycarp Uehlein, kwa muda wa kama miaka miwili. Alichora pia makanisani Nyangao na hata Lindi kwenu, kwa hiyo mnaweza kulinganisha. Simameni kwanza nyuma kabisa muone ukuta wa mbele kwa ujumla, ndipo msogee ubavuni, picha moja moja. Jumamosi huwa na harusi, hivyo pigeni hodi ofisi ya parokia kabla ya kuingia, na picha zipigwe bila mwanga wa kamera.

*Mume wangu alileta kinyago cha mpingo, cheusi ti. Baada ya miezi mitatu kinaacha weusi mikononi, na kingine kimepasuka. Nakwenda Mtwara mwezi ujao, nitajuaje cha kweli? — Dada, Tandahimba*

Dada, hayo ni maradhi mawili tofauti.

Weusi wa mikononi ni rangi. Mti mwingine wowote hupakwa dawa ya viatu ukang'aa kama mpingo. Mpingo wenyewe ni mweusi kwenye kiini tu, tena weusi wenye kahawia kidogo ukiutazama juani; mbao ya nje ya kiini ni ya manjano iliyopauka. Ndiyo maana wachongaji wengi huacha kipande cha ile ya nje kwenye tako la kinyago au mgongoni, na mnunuzi anayejua hufurahi kukiona. Cheusi ti pande zote si lazima kiwe bandia, lakini kikague. Lowesha kidogo kitambaa cheupe, sugua chini ya tako ambako hapajapigwa msasa sana. Kitambaa kikitoka cheusi, rudisha. Kisha kipime mkononi: mpingo ni mzito kuliko maji. Ukimkuta fundi kazini, okota kibanzi alichokichonga muda huo, kitupe kwenye glasi ya maji. Cha mpingo kinazama papo hapo.

Kupasuka ni suala la ubichi. Mpingo hukauka polepole mno, na kinyago kilichochongwa kwa mti mbichi hukauka nje huku ndani bado kuna maji. Nje inajikunyata, ndani inagoma, ufa unatokea. Geuza kinyago utazame tako: nyufa nyembamba zinazotoka katikati kama miale ni dalili kwamba kazi ya kukauka haijaisha. Tafuta pia mstari usiong'aa kama pengine. Huo ni ufa uliozibwa kwa gundi na unga wa mpingo. Kidogo si kosa, lakini bei ishuke.

Nyumbani usikianike juani wala usikiache ndani ya gari. Kifunge kwa magazeti, si mfuko wa plastiki, wiki mbili tatu kizoee hewa ya huko, kisha kipanguse kwa matone machache ya mafuta.

Na barakoa za mapiko, ngoma ya Wamakonde, usizikatae kwa kuwa ni nyepesi. Huvaliwa kichwani watu wakicheza, kwa hiyo huchongwa kwa mti mwepesi. Anayekuuzia lipiko la mpingo anakuuzia pambo la ukutani.

*Tule nini ambacho Dar hatukipati? Na korosho tununue zipi? — Wachumba, Temeke*

Ming'oko, kama ni kiangazi. Ni mizizi ya porini, myembamba, inachemshwa na chumvi na kuuzwa barabarani. Inamenywa kwa vidole na kuliwa na pilipili. Iliyolala hukauka na kuwa na nyuzi, kwa hiyo nunueni yenye mvuke.

Mchana ni wa pweza. Supu yake iliyo nzuri huwa nyekundu kwa maji ya pweza mwenyewe, na nyama inakatika kwa meno ya mbele. Ikivutika kama mpira, hakupigwapigwa vya kutosha kabla ya kuingia chunguni. Jioni, samaki wa kuchoma Shangani: mchagueni mkiwa mnamwona, macho yamevimba, matamvua mekundu. Agizeni mapema na mtoe saa nzima, maana wali wa nazi haupikwi mteja akishanawa.

Korosho zikaangwe karibuni. Vunja moja: ikatike kwa mlio, isipinde. Yenye harufu ya mafuta ya kale iliingiliwa na unyevu. Nzimanzima ni za zawadi; za kupikia nunueni zilizovunjika, ladha ni ileile na bei ni nafuu. Mkienda kati ya Oktoba na Desemba mtaona korosho ghafi kila mahali. Msizivunje kwa meno, kwani ganda lina mafuta makali yanayochubua midomo.

*Mikindani inahitaji saa ngapi? — Mstaafu, Nachingwea*

Mzee wetu, saa tatu zinatosha, kuanzia saa tisa. Panda kwanza Boma, jengo la Wajerumani la mwaka 1895 ambalo sasa ni hoteli, kabla miguu haijachoka. Omba mapokezi ruhusa ya kupanda mnara uione ghuba. Kisha shuka polepole kwenye vichochoro utazame milango ya nakshi na roshani za mbao. Nyingi ni nyumba za watu, hodi kwanza na picha baadaye. Ufukoni kumbuka kwamba hapa ndipo David Livingstone alipoanzia safari yake ya mwisho ya bara, mwaka 1866. Mwezi wa Juni jua huzama kwenye saa kumi na mbili na dakika kumi, na bajaji za kurudi mjini hupungua baada ya hapo, kwa hiyo aliyekuleta mwambie akusubiri.