Dada yangu anasema watoto wako salama, lakini hakuna aliyewaona

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 34. Mwaka jana dada yangu mkubwa alifiwa na mumewe. Shemeji hakuwa mgonjwa, alilala, hakuamka. Alizikwa haraka na hakuna aliyeuliza kitu. Haikutimia miezi mitatu dada akaolewa na mtu anayejiita mwonaji, ambaye naye alikuwa amefiwa na mkewe muda si mrefu. Tangu hapo dada si yule ninayemjua. Anasema kuna watu wenye roho ya giza, na mama yetu mzazi amemtia humo. Ana watoto wawili, msichana wa miaka 14 na mvulana wa miaka 8. Sijasikia sauti zao kwa miezi minne. Nikiuliza, mara wako kwa rafiki, mara wako bweni, mara wamelala. Usiku nafuatilia kesi ya Lori Vallow wa Marekani, yule mama aliyefungwa kwa mauaji ya wanawe, na kila ninalosikia nalifananisha na dada. Kaka zangu wanasema hadithi za mauaji zimeniharibu akili, nisimchafulie dada jina. Je, nimechanganyikiwa? Au niende kwao mwenyewe nikapekue?

Mdogo Mtu

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimenasa pale pale: miezi minne bila kusikia sauti zao. Kifo cha shemeji yako kinaweza kusubiri. Ndoa ya haraka inaweza kusubiri, na huyo mwonaji pia. Watoto ndio hawawezi kusubiri. Nenda kituo cha polisi leo, useme kuna watoto wawili ambao ndugu zao hawajawaona wala kuwasikia kwa miezi minne, na mama yao anatoa maelezo yanayobadilika. Hayo yanatosha. Usingoje upate ushahidi, maana kuutafuta si kazi yako.

Hujachanganyikiwa. Ila nadhani unaisoma ile kesi upande usiokusaidia. Unahesabu mfanano: mume kafa, mke wa yule bwana kafa, ndoa ya haraka, maneno ya giza na nuru. Ukihesabu hivyo utamkuta muuaji katika kila nyumba yenye msiba. Hebu tuitazame tena, safari hii tukimfuata yule aliyeuliza swali sahihi, kwa sababu alikuwa ndugu tu kama wewe.

Mume wa Lori, Charles Vallow, alipigwa risasi na kaka yake Lori huko Arizona tarehe 11 Julai 2019. Kaka akasema alikuwa anajitetea, na siku ile hakuna aliyekamatwa. Lori akahamia Rexburg, Idaho, karibu na Chad Daybell, mwandishi wa vitabu vya siku za mwisho. Alikwenda na watoto wawili: Tylee, msichana wa miaka 16, na JJ, mvulana wa miaka 7 mwenye usonji, ambaye yeye na Charles walikuwa wamemuasili, yaani wamemchukua kisheria kuwa mtoto wao. Kabla Septemba haijaisha, wote wawili walikuwa hawaonekani tena. Tarehe 19 Oktoba mke wa Chad, Tammy, mwenye miaka 49, akafa nyumbani. Mumewe akasema amefia usingizini, na akazikwa bila mwili kuchunguzwa. Siku 17 baadaye Chad na Lori walikuwa Hawaii wakifunga ndoa.

Sasa mtazame bibi wa damu wa JJ, ambaye pia ni dada wa Charles. Alikuwa amezoea kuongea na mjukuu wake kwa simu ya video. Simu zikawa fupi, kisha zikakatika kabisa. Bibi huyu hakuwa na maiti wala shahidi. Alichokuwa nacho ni mtoto ambaye hapatikani. Katika kuhangaika aliingia kwenye akaunti ya manunuzi ya marehemu kaka yake, akaona ilikuwa bado inatumika: kulikuwa na anwani ya Rexburg, na pete ya ndoa iliyonunuliwa mwanzoni mwa Oktoba, wakati mke wa Chad bado yu hai. Hakupanda ndege kwenda kuvunja mlango wa mtu. Aliwaomba polisi wakamwone mtoto.

Polisi walifika tarehe 26 Novemba. Lori akawaambia mtoto yuko Arizona kwa rafiki. Ni lile lile unaloambiwa wewe, mwanangu, na huwa linatosha kumfanya mtu mwenye adabu aage na kuondoka. Wale askari hawakuridhika, wakamtafuta huyo rafiki, na baada ya siku kadhaa rafiki mwenyewe akasema mtoto hayuko kwake na kwamba alikuwa ameombwa aseme yuko. Na polisi waliporudi nyumbani kwa Lori tarehe 27 Novemba, kesho yake tu, na hati ya upekuzi, wenyewe walikuwa wameshaondoka.

Hilo la kuondoka lishike sana. Ndiyo sababu nakukataza kumwambia dada yako, "Usiponionyesha watoto nakwenda polisi." Najua maneno hayo yako mdomoni, hata mimi yangekuwa mdomoni. Yameze. Ukimtishia, humpi nafasi ya kujirekebisha, unampa muda wa kuhama. Kupekua nako usithubutu. Kama kuna jambo baya mle ndani, utaharibu kinachotakiwa kuonekana na unaweza kudhurika wewe. Kama hakuna jambo, utakuwa umevunja nyumba ya dada yako. Wala usiweke picha za watoto mitandaoni ukimtaja dada na mumewe. Zikihitajika kusambazwa, watasambaza wanaochunguza.

Kuna jambo lingine la kesi ile nataka ulitumie leo hii. Baada ya Tylee kutoweka, simu yake iliendelea kutuma ujumbe. Kaka yake mkubwa alikuwa akipokea maandishi kutoka kwenye namba ya mdogo wake, na aliyeandika hakuwa yeye. Kwa hiyo dada yako akikutumia ujumbe kuwa watoto wanakusalimia, au namba ya mpwa wako ikikuandikia "niko sawa mama mdogo," usihesabu kuwa umemwona. Picha nayo usiihesabu, maana inaweza kuwa ya mwaka jana. Omba sauti, au simu ya video, kwa upole ule ule wa siku zote: "Dada, nimewakumbuka wanangu, nipe nisikie sauti zao." Ukimpata mtoto, muulize jambo mnalolijua wawili tu, jina ulilokuwa ukimtania au alichokivunja siku ile mkacheka. Ukipewa sababu nyingine ya kutowasikia, iandike na tarehe yake. Lakini omba hivyo mara moja tu, na jibu lisikuzuie kwenda kituoni.

Ukifika kituoni usianze na kifo cha shemeji wala kesi ya Marekani. Ukianza na hayo, askari aliyechoka atakuona kama kaka zako wanavyokuona. Anza na majina kamili ya watoto, umri, picha za karibuni kabisa, tarehe ya mwisho ulipowaona kwa macho na ya mwisho uliposikia sauti. Taja shule waliyokuwa wakisoma. JJ naye alikuwa shuleni, kisha mama yake akawaambia walimu kwamba atasomea nyumbani, na kwa kauli hiyo moja mtoto akawa ametoka machoni pa watu wazima wote waliokuwa wakimwona kila siku. Kama mmoja wao ana ugonjwa au anatumia dawa, sema. Kisha toa zile sababu tatu ulizopewa, moja baada ya nyingine, na siku uliyopewa kila moja. Yawekwe kwenye maandishi, uombe namba ya taarifa yako na jina la anayeishughulikia. Pita pia kwa maafisa wa ustawi wa jamii, kwa sababu kumwona mtoto na kumjulia hali ni kazi yao. Mtu akikuambia hamna shida kwa kuwa watoto wako na mama yao, mjibu kuwa hakuna anayejua kama wako na mama yao, na hilo ndilo lililokuleta. Ukiambiwa urudi kesho, omba kuonana na mkubwa wake.

Na urudi, hata mara kumi. Charles Vallow alikwenda polisi mwezi Januari 2019, karibu miezi sita kabla hajauawa, akaeleza kwamba mkewe ametishia kumuua na anasema mwilini mwa Charles kuna mtu mwingine. Lori akapimwa akili, akaachiwa. Kila nikilifikiria hilo roho inaniuma. Yule bwana alisema wazi, kwa sauti yake, kitu kitakachomkuta.

Hapo ndipo ninapotaka nikuulize swali ambalo barua yako haikulijibu. Dada yako amewahi kusema kuwa watoto nao wana hiyo roho ya giza? Mamilioni ya watu wanaamini siku za mwisho zimekaribia, wanasali, wanafunga, na watoto wao wanakua salama. Imani ya dada yako si ushahidi wa chochote. Ninachokiogopa ni mzazi anapoanza kusema kwamba huyu si mwanangu tena, kilichobaki ni umbo lake tu. Mahakamani ilielezwa kwamba Lori na Chad walikuwa wakiwagawa watu katika nuru na giza, na waliozidiwa na giza wakawaita mazombi. Watoto wakaingizwa katika orodha hiyo. Mtu akishamwona mtoto wake hivyo, huruma ya mzazi haina pa kushika. Kama umewahi kulisikia neno la namna hiyo likisemwa juu ya wapwa zako, hata kwa utani, basi hilo liwe la kwanza kulisema kituoni.

Kuhusu shemeji, usitoe hukumu. Watu wazima hufa usingizini kwa moyo au kwa damu iliyoganda, na wajane huolewa upesi kwa upweke au kwa shida ya fedha. Hata katika kesi ile, yule kaka aliyempiga risasi Charles alikufa ghafla Desemba 2019, siku moja baada ya kaburi la Tammy kufukuliwa. Watu wengi walikuwa na hakika kwamba ameuawa. Uchunguzi ukaonyesha ni damu iliyoganda kwenye mapafu, kifo cha kawaida. Kwa Tammy ikawa kinyume: mwili uliodhaniwa umelala tu, ulipochunguzwa, ukaonyesha alikoseshwa hewa. Kwa macho yetu tungekosea vyote viwili. Wewe sema unachokijua: aliugua au hakuugua, nani alikuwa nyumbani, alizikwa lini, na kama kulikuwa na bima ya maisha na mnufaika ni nani. Kama kaburi litastahili kufukuliwa, kuna wenye mamlaka ya kuamua.

Kaka zako wanaogopa jina la dada yao kuchafuka. Sitawabeza, maana aibu ya familia ni mzigo wa kweli, na kumpeleka damu yako polisi ni jambo linalokufuata hadi kitandani. Waambie hivi: kama watoto wako salama, askari atagonga mlango, atawaona, ataondoka. Dada atakasirika, labda mwaka mzima, nawe utabeba hasira hiyo huku wapwa zako wakipumua. Halafu wao, mmoja wao tu, aseme lini mara ya mwisho aliwasikia watoto hao. Sidhani kama watakujibu.

Na hivyo vipindi vya usiku, vizime. Sisemi hivyo kwa kuwa kaka zako wana haki. Ni kwa sababu unajua mwisho wa kesi ile, na mwisho huo unakula nguvu unazozihitaji. Tarehe 9 Juni 2020 mabaki ya watoto wale yalipatikana kwenye kiwanja cha Chad Daybell. Lori alipatikana na hatia Mei 2023, akapewa kifungo cha maisha bila nafasi ya kuachiwa. Chad akahukumiwa kifo Juni 2024. Imetosha. Wapwa zako wana jambo lao, na hakuna anayejua mwisho wake. Huenda wako kwa rafiki kweli, wamenyang'anywa simu, wamechoka na baba mpya. Naomba iwe hivyo.

Dada yako naye usimtupe. Endelea kumpigia kuhusu mambo ya kawaida, mcheke, umsikilize. Kama huyo bwana anamtenga na watu, utakuwa sauti ya mwisho iliyobaki sikioni mwake, na huenda siku moja akahitaji pa kukimbilia, yeye na wanawe. Unaweza kumpenda na bado ukaenda kituoni.

Chukua picha zao, andika zile tarehe kwenye karatasi, mchukue ndugu au rafiki mmoja mtulivu, mwende. Ukitoka huko niandikie, hata mstari mmoja, uniambie ni nani aliyekusikiliza na amesema nini.

Shangazi