Usimwulize mtoto anampenda nani zaidi

Ukijitolea kumsimamia mtoto ambaye wakubwa zake wanamgombania mahakamani, utatamani umwulize hili mapema: unataka ukae na nani? Naomba usimwulize. Nimefanya kazi ya msaidizi wa kisheria hapa Ilemela, Mwanza, kwa miaka, na swali hilo nimeona linavyomwumiza mtoto. Akimtaja mama, anajua upande wa baba utasikia. Akimtaja baba, usiku huo huo analala kwa mama.

Mwulize siku yake inavyokwenda. Kuna mvulana wa Igombe (nimebadilisha mambo ili asijulikane) aliyekuwa akigombaniwa na mama yake na bibi mzaa baba. Baba ni mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa, usiku wa giza, kwa hiyo alikuwa akirudi kutoka visiwani mbalamwezi ikiwaka. Tulikaa na mtoto kwenye chanja, tukigeuza dagaa, nikamwuliza asubuhi nani anamwamsha, sare nani anaifua. Akasema mwenyewe: "Nikitoka shule nakuta kwa bibi kumefungwa, nakaa nje mpaka giza." Upande wa bibi ulikuwa umeshikilia mahari, upande wa mama matunzo. Mlango uliofungwa hakuna aliyekuwa ameutaja.

Neno kama hilo usilibebe wewe mbele ya hakimu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inaturuhusu kuelimisha, kuelekeza na kuwashauri wanaogombana wapatane, lakini haitufanyi mawakili. Kule Marekani, jaji David Soukup wa Seattle alianzisha mwaka 1977 utaratibu wa raia wa kawaida kuteuliwa na mahakama ili wawasemee watoto waliotendewa ukatili au kutelekezwa. Kwetu, sauti ya mtoto inapitia zaidi kwa afisa ustawi wa jamii. Yeye ndiye anayeandaa taarifa ya uchunguzi wa kijamii, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka awepo Mahakama ya Watoto inapokaa, tena faragha. Basi mzoee. Ana mafaili mengi kuliko mikono yake. Mpelekee ukurasa mmoja wenye tarehe, ulichokiona na ulichokisikia kwa maneno ya mtoto mwenyewe. Maoni yako juu ya mkwe wa fulani hayamsaidii mtu.

Usimwahidi mtoto matokeo, hata akikulilia. Mwambie utarudi lini, urudi siku hiyo.

Ukiona alama za kipigo, au mtoto akakudokeza kwamba kuna mtu anamchezea mwilini, acha maswali yako hapo hapo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure. Wazee watakuja na lugha ya kuyamaliza nyumbani, pengine na mbuzi juu yake. Kataa. Usuluhishi ni wa ugomvi wa wazazi. Ukatili kwa mtoto ni jinai, na mimi sikai kikao cha namna hiyo hata aniite nani.

Jambo ambalo wenzetu wengi hawalijui ni kwamba kazi inakuwa nzito amri ikishatoka. Hapo ndipo matunzo yanaposuasua, maana kipato cha ziwani hupanda na kushuka, na ndipo siku ya kumtembelea mtoto inapogeuka vita ya mlangoni. Waeleze wazazi kwamba hali ikibadilika wanaweza kurudi mahakamani kuomba amri ibadilishwe, badala ya mmoja kumficha mtoto na mwingine kukata hela. Katika wiki hizo mtoto anahitaji kuona sura ile ile aliyoizoea.

Kwa hiyo kabla hujasema ndiyo, tazama ratiba yako. Kama kazi yako ni ya safari za mara kwa mara, usikubali kumsimamia mtoto. Nenda ofisi ya wasaidizi wa kisheria iliyo karibu nawe, ukawasaidie akina mama kuandaa maombi ya matunzo. Wanaosubiri pale ni wengi.