Fika Mapema, Ulinganishe Nyuzi

Kijana mmoja aliyeanza kujifunza kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ya taarab, hapa Unguja aliniuliza ni mazoezi gani yanayonifanya niitwe kazini mara kwa mara. Nilimjibu kwamba ninaitwa kwa sababu hufika saa moja na nusu kabla ya wenzangu. Jibu hilo halikumfurahisha, kwa hiyo nalieleza hapa kwa kirefu.

Kanuni kama yangu ina nyuzi 78, zilizopangwa tatu tatu kwa kila sauti, na tatu hizo zisipokubaliana kabisa ala husikika kama mtu anayezungumza na tonge mdomoni. Daraja linalobeba nyuzi limekaa juu ya ngozi, na ngozi na hewa ya bahari hazipatani: unyevu ukizidi hulegea, nyuzi zikashuka, tena hazishuki kwa kipimo kimoja.

Usiku mmoja wa masika tuliitwa kupiga katika hoteli ya Mji Mkongwe. Nilichelewa kwa sababu mteja alikuwa akisubiri suruali yake (mchana mimi ni fundi cherehani, na wapigaji wengi wa taarab asilia niwajuao wana kazi nyingine), nikalinganisha nyuzi haraka katika chumba chenye kiyoyozi, kisha tukapanda kupiga juu ya paa. Tulifungua kwa bashraf, muziki wa kufungulia usio na uimbaji, ya maqamu (mpangilio wa sauti) ya Rast, ambayo sauti yake ya tatu ndiyo roho yake. Nilipoigusa, ilikuwa imeshuka chini ya fidla. Mpiga udi aligeuza shingo, akanitazama, asiseme neno. Wageni walipiga makofi kama kawaida, lakini mzee wa fidla hakunipigia simu tena hadi mfungo ulipopita.

Tangu hapo silinganishi nyuzi ila mahali pale pale nitakapopigia. Napita mara ya kwanza upesi, naiacha ala izoee hewa kwa dakika 20, kisha napita tena polepole. Ikiwapo akodiani, chukua sauti kwake, maana yeye habembelezeki. Ila ile ya tatu ya Rast haimo kwenye vibonyezo vyake, hivyo itafute kwa sikio na kwa vile vijichuma vidogo vilivyo chini ya nyuzi upande wa kushoto.

Saa hizo za kulinganisha nyuzi zihesabiwe katika malipo, na mapatano yafanyike kabla ya siku ya kazi. Tunza, yaani pesa wanazotoa wasikilizaji wakati wa wimbo, usiitie katika hesabu zako, kwani mwenye kutunza humfuata mwimbaji.

Juzi kijana yule alikuja nyumbani. Sikumpa pete za kupigia, nilimpa ufunguo wa kukazia nyuzi. Alizimaliza zote kwa saa moja na dakika kumi, akajifuta jasho, akarudi kuijaribu ile ya kwanza. Ilikuwa imeshashuka.