Waliopanga foleni hawakuwa wajinga

Wiki iliyopita mliuliza: benki ikiyumba, serikali iiokoe au iiache ianguke? Jibu langu lilikuwa tayari kabla sijamaliza kusoma: iachwe. Aliyekopesha ovyo avune alichopanda. Lakini maelezo yenu yalisema benki nyingi huuawa na "hofu ya wateja", na hapo ndipo mliponichoma.

Nakumbuka picha za televisheni za Septemba 2007, Waingereza, wengi wao wazee, wamejipanga nje ya matawi ya Northern Rock. Jioni ya tarehe 13 BBC ilikuwa imetangaza kwamba benki hiyo imeomba msaada wa dharura kwa Benki Kuu ya Uingereza. Kulipokucha, foleni zimefika barabarani. Wakaambiwa watulie. Watulie vipi? Kinga ya amana, yaani fedha ambazo mteja amehakikishiwa kurudishiwa benki ikianguka, wakati ule ilikuwa pauni 2,000 za kwanza kwa ukamilifu, kisha asilimia 90 ya pauni 33,000 zilizofuata, basi. Mstaafu mwenye akiba ya pauni 60,000 alikuwa na uhakika wa 31,700 tu. Kumwita huyo mwoga ni kumwonea. Alipiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Tena alikuwa wa mwisho kufika. Amana za wateja zilikuwa takriban robo tu ya fedha za Northern Rock. Nyingi ya zilizobaki ilizipata kwa wakubwa wa masoko ya fedha, ikazikopesha kwa wanunuzi wa nyumba watakaolipa kwa miaka mingi. Agosti, mikopo mibaya ya nyumba ya Marekani ilipoanza kunuka, wakubwa hao walifunga mikono, wakaacha kuikopesha. Hiyo ndiyo foleni iliyoiua benki, nayo haina picha hata moja.

Foleni ya wazee ilikoma baada ya tarehe 17, Waziri wa Fedha Alistair Darling alipotangaza kuwa serikali inadhamini amana zote zilizomo Northern Rock. Neno hilo lingetamkwa siku nne mapema, pengine hakuna ambaye angejipanga.

Basi nalegeza: iokolewe, kwa ajili ya wenye amana, mradi wenye hisa wabebe hasara. Northern Rock ilipotaifishwa Februari 2008, wanahisa hawakulipwa kitu, nami naona ilikuwa haki. Ila miongoni mwao walikuwamo waweka akiba wa kawaida waliogawiwa hisa mwaka 1997, chama chao cha akiba na mikopo ya nyumba kilipogeuzwa kuwa benki. Kwa hao, bado nasita.