Ukitaka kumwandika ndege mwizi, anza na walioibiwa

Wanaoniandikia kuhusu hadithi za wanyama wengi wao wanataka mtu mmoja: ndege mwizi. Awe mjanja, ana maneno, kofia kaiweka upande, msitu mzima unamlalamikia na bado kila mtu anacheka akipita. Nawaelewa. Kwenye hadithi ninazowasomea watoto wa mtaani kwetu huku Temeke wanyama wamejaa, lakini anayeulizwa kabla hata sijavuta kiti ni Kibindo, kunguru. Kwa kuwa nimekaa naye muda mrefu, acha niseme yale ambayo nimeona yanafanya kazi.

Kubwa kuliko yote: usianze na ndege. Anza na mali. Nimesomeshwa rasimu nyingi ambazo kurasa mbili za mwanzo ni manyoya ya mwizi na namna anavyocheka, halafu anatumwa kwenda kuiba "hazina". Hazina gani? Ya nani? Iliwekwa wapi, na kwa nini pale? Nani hatapata usingizi leo kwa sababu haipo? Kama majibu hayo huna, basi mwizi huna. Una ndege mwenye kofia tu.

Msitu wangu nauita Kisikini, na kabla Kibindo hajatia mguu humo nilikaa nikaandika kila mnyama ana nini na anakilindaje. Sikwenda mbali kuwatafuta. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ipo hapo Kisarawe, mwendo mfupi kutoka mjini, na wakazi wake wanatosha kuendesha mji mzima wa hadithi: komba anayetoka usiku, kanu, nguchiro, funo, nungunungu, na sange mwenye pua ndefu isiyotulia. Kuna waandishi wetu bado wanajaza theluji na miti ya Ulaya kwenye misitu yao. Hiari yao, ila mtoto wa Mbagala ukimwambia mkongo au mpingo ana wa kumuuliza nyumbani, na bibi yake atamwambia kitu ambacho wewe mwandishi hukukijua.

Sange, kwa mfano, hulala kwenye kiota cha majani makavu anachokirundika chini, ardhini. Sasa fikiria masika. Mvua haikatiki, kila kitu kimelowa, na majani makavu yamekuwa dhahabu. Kibindo akimwibia sange majani katikati ya masika, hapo umepata wizi ambao mtoto anausikia mwilini. Hakuna almasi inayofikia hapo. Panya buku naye ana mifuko ya mashavu, anajaza chakula mpaka uso unavimba, anakwenda kuficha shimoni. Huyo ndiye benki. Wanana wanaosuka viota huibiana nyasi wao kwa wao, tena bila haya, hivyo Kisikini hakimu ni mnana. Kila kesi ya Kibindo inapofika kwake, kuna mtu nyuma anakohoa.

Nataka pia tuachane na ile habari ya ndege mwizi anayependa vitu vinavyong'aa. Imechosha, na wala haina ushahidi. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliwajaribu ndege wanaoitwa magpie, ambao ndio wanaosingiziwa zaidi kule kwao. Waliweka vitu vinavyometa karibu na chakula, na ndege wale badala ya kuvikimbilia wakawa na wasiwasi navyo. Sisi wa Dar hatuhitaji hata utafiti. Nenda Feri asubuhi boti zinaposhusha samaki, utazame kunguru anataka nini. Hana shida na saa yako. Anataka utumbo, vichwa, dagaa walioanikwa. Utaona wawili wanamfanyia kazi paka mmoja: wa kwanza anatembea nyuma yake kwa upande upande, anamvuta mkia, paka akigeuka kwa hasira, wa pili keshachukua kichwa cha samaki na yuko juu ya bati. Halafu yule aliyevuta mkia anamfuata mwenzake kudai mgao, na hapo ndipo ugomvi wenyewe unapoanza. Nyumbani huiba sabuni. Kipande cha sabuni ya mche ukikiacha kwenye karo unakikuta kimedonolewa pembeni, vishimo vidogo vya pembe tatu, au hukikuti kabisa. Sabuni! Mpe mwizi wako hamu ya namna hiyo, ya kitu cha kawaida ambacho kwake kina maana, na wasomaji watamkumbuka.

Sasa tufike kwenye tatizo ambalo wengi hawalioni mpaka wamekwama katikati ya hadithi. Mbawa. Mwizi anayeruka hashikiki, na mwizi asiyeshikika hana hadithi. Kila ukimbizano unaisha sentensi ya kwanza: akaruka. Lazima umfunge, lakini usimfunge kwa uchawi wala kwa kumvunja bawa kila sura. Mfunge kwa maisha yake ya kawaida. Kunguru jioni huenda kulala na wenzake. Tazama miti mikubwa ya mjini magharibi ikiingia, kelele zile. Usiku si wake. Usiku ni wa bundi, komba na kanu. Maana yake mwizi wako anafanya kazi mchana kweupe, mbele za watu. Mzigo wake ni ule unaoenea mdomoni au miguuni, basi. Na chini kwenye vichaka vizito, pale sange anapopita kama maji, mwenye mbawa anakwama kama mtu mwenye mwavuli kwenye daladala.

Nilipoyakubali hayo matatu, Kibindo alibadilika wote. Kama huwezi kujificha gizani, inabidi uwe na sababu ya kuwepo mahali. Ndiyo maana Kibindo ni tarishi. Anapeleka salamu, anabeba barua za nungunungu kwa shangazi yake ng'ambo ya mto, anajua nani kasafiri na nani anaumwa. Milango yote anaingia kwa hodi. Swali lililonisukuma huko aliuliza msichana mmoja kwenye kundi langu, tena wenzake walimcheka: "Sasa siku ambayo hajaiba anakula nini?" Kila anayemwandika mwizi ajiulize hilo. Mwizi asiye na shughuli nyingine ni jini. Vibaka tunaowajua sisi wana shughuli: huyu anapiga debe stendi, yule anauza maji kwenye foleni, na wanasalimia wazee vizuri kuliko wengine wote.

Kwenye uongo wake, mwalimu wangu ni mramba, yule ndege mweusi mwenye mkia wa panda ambaye huku kwetu yupo tele. Mramba hukaa karibu na wanyama wanaotafuta wadudu, na adui akija kweli huwapigia kelele, wanakimbia, wanapona. Wanamzoea, wanamwamini. Halafu siku mmoja wao kapata mdudu mnono, mramba anapiga kelele ileile hali hakuna adui, mwenye mdudu anatupa anakimbia, mramba anashuka anakula. Watafiti waliomfuatilia kwenye jangwa la Kalahari walichapisha matokeo yao mwaka 2014, na kilichonivutia mimi ni hatua ya pili: wanyama wakianza kushtukia, mramba anabadilisha sauti. Anaiga mlio wa hatari wa ndege mwingine, hata wa mnyama anayemwibia. Hapo kuna fundisho zima la kuandika mfululizo. Mwizi wako ni lazima kwanza aseme kweli, tena mara nyingi, kweli yenye faida kwa wenzake. Ukimleta mwongo tangu ukurasa wa kwanza, msitu mzima utaonekana wa wajinga kwa kumsikiliza. Na mbinu moja ikishafanya kazi, isirudi ilivyo. Walioibiwa wanajifunza; watoto wanaokusikiliza wamejifunza kabla yao.

Mpe hofu pia. Nicola Clayton na Nathan Emery walichapisha mwaka 2001 utafiti juu ya ndege wa Marekani wa ukoo wa kunguru ambao huficha chakula. Wakionwa na mwenzao wakati wa kuficha, baadaye hurudi kimyakimya kuhamisha akiba. Lakini waliofanya hivyo ni wale waliowahi kuiba akiba za wengine. Asiyewahi kuiba alikuwa hana wasiwasi. Kwa hiyo Kibindo mimi simpi pango la kifahari lililojaa mali. Nampa maficho madogo madogo ambayo anayahamisha kila mara, na mengine keshayasahau.

Halafu ametoka wapi? Huku kwetu swali hili lina uzito wake. Kunguru huyu wa mjini, mwenye shingo ya kijivu, si mwenyeji. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, enzi za Waingereza, ili asaidie kumaliza taka, akavuka akaenea pwani nzima. Baadaye ikaonekana anavamia viota vya ndege wengine, anakula mayai na makinda, na Dar kumekuwa na kampeni za kumpunguza kwa mitego na sumu. Kenya nao mwaka 2024 walitangaza mpango wa kuwaua kunguru milioni moja. Binamu yake mwenye kifua cheupe ni mwenyeji wa Afrika na hasemwi hivyo. Mwandishi gani anapita hapo bila kuokota? Kibindo akishikwa hujitetea hivi: "Babu yangu aliitwa kuja kufanya usafi. Alipolipwa mabaki, mlifurahi. Mimi nikijilipa mwenyewe, mnaniita mwizi." Watoto hunyamaza hapo, maana kuna kitu ndani yake, ingawa majani ya sange bado yameibwa. Tahadhari moja tu: usiwafanye kunguru wote wezi. Dada yake Kibindo ni mkunga, na aibu anayopata kwa ajili ya kaka yake imenipa sura nzuri kuliko wizi wowote.

Suala la mayai limalize mapema kabla hujaandika hata sura moja. Kwenye msitu ambao wanyama wanasema na kusalimiana, yai ni mtoto wa mtu. Ukiruhusu mwizi wako mchekeshaji aibe yai, umeandika mtekaji, na hakuna kofia itakayomrudisha. Kunguru wa kweli anakula mayai, hilo nalijua na watoto wanalijua. Kibindo hagusi, na sababu yake ninayo, nimeitumia kidogo kidogo. Wewe unaweza kuamua vinginevyo, lakini uamue. Nani anamla nani, msitu mzima. Kama chui wako anakula funo ilhali funo huyo ni mwenyekiti wa mtaa, utaulizwa.

Majina, fupi na linalotamkika kwa kelele. Basi.

Na anayemsaka awe na silaha ambayo mbawa haziwezi kuikwepa. Mimi nilimchagua panya buku, kwa sababu ya pua. Morogoro, shirika la APOPO, pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, linawafundisha panya hao kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Ukiwa na mpelelezi wa namna hiyo, ndege anaweza kuruka atakavyo. Harufu ya sabuni iko kwenye kila kitu alichokigusa. Tena mpelelezi huyo ndiye benki aliyeibiwa, kwa hiyo ana sababu mbili za kutolala.

La mwisho sikulisoma popote, nimelipata kwa kuishi hapa. Angalia sana namna unavyoandika ile kelele ya "Mwizi!" Kwenye hadithi za kwingineko ni kelele ya kuchekesha, watu wanakimbizana na mafagio. Watoto wetu wengine wameona kelele hiyo inavyoishia mtaani: mawe, tairi, na taarifa ya habari inasema wananchi wenye hasira kali. Mara ya kwanza niliposoma sura ambayo msitu mzima unamkimbiza Kibindo, mvulana mmoja aliondoka akaenda kukaa mlangoni. Tangu hapo Kisikini kuna utaratibu. Anayeona wizi hapigi kelele, anagonga gogo, na mnana anaita baraza. Kesi inasikilizwa, mwizi anasema, aliyeibiwa anasema, na adhabu ni kurudisha na kufanya kazi. Kwa yale majani ya sange, Kibindo alihukumiwa kuleta makavu mapya mpaka masika yaishe, jani moja moja, maana ndiyo mzigo wake. Watoto waliona adhabu ndogo. Sange mwenyewe aliona kubwa, kwa kuwa sasa mwizi anakuja kwake kila siku na anapajua mpaka chumbani.