Mwiba wa ngege umeniachia vinundu

SWALI: Dada nesi, salamu. Kazi yangu ni kupara samaki mwaloni Masese, Jinja. Kabla ya Pasaka mwiba wa ngege ulinichoma kidoleni. Kidonda kilifunga, kisha kikaota kinundu chekundu. Sasa vingine viwili vinapanda mkono. Haviumi sana. Nimemeza vidonge vya siku 5 kutoka duka la dawa, mara mbili, bila nafuu. Jirani anasema nimerogwa. Mume wangu anaogopa nitawaambukiza watoto. – Mama wa Masese

JIBU: Mama, mimi namshtaki mwiba, mchawi simtaki hapa. Vinundu vinavyojipanga kuufuata mkono, wiki kadhaa baada ya kuchomwa na samaki, hunifanya nimshuku kwanza bakteria aitwaye Mycobacterium marinum. Ni jamaa wa yule wa kifua kikuu, ila huyu makazi yake ni majini. Joto la ndani ya mwili halimpendezi. Hustawi kwenye nyuzi 30 hivi, ndiyo maana hung'ang'ania vidole na mikono. Hana haraka, anaweza kujificha wiki 2 hadi 4, hata miezi. Na hatoki kwa mtu kwenda kwa mtu: watoto wabebe tu.

Vidonge vya siku 5 havimtoshi. Tiba yake huenda miezi 3 au zaidi, mara nyingi dawa mbili kwa pamoja. Nenda hospitali, na umtajie daktari samaki kabla hujamwonyesha kidole; asipojua kazi yako atadhani ni jipu. Wakate kipande cha kinundu wakipime, maana kuna fangasi anayepanga vinundu vivyo hivyo. Maabara waambiwe wakioteshe kwenye nyuzi 30. Wakitumia 37 iliyozoeleka, huenda asiote, nawe urudi nyumbani na karatasi inayosema huna kitu.

Wenzako nao wasikie hili. Mkono ukivimba na kuwaka moto ndani ya siku moja, pamoja na homa, ni hospitali siku hiyo hiyo. Huko Toronto, Kanada, mwaka 1995 na 1996, watu waliojichoma wakitayarisha ngege wabichi waliugua hivyo. Wao walikuwa na Streptococcus iniae, bakteria anayeuawa na penisilini.

Glavu nyembamba za zahanati mwiba huzitoboa. Nunua zile nene za mpira. Wateja wasiogope, ngege aliyeiva vizuri hana neno. Ila kisu mwachie mwenzako mpaka daktari akuone.